Shajara ya Kigoe: bunduki sita za mbao za dola isiyokuwapo

Matlai haimo katika ramani yoyote. Ni dola ya visiwa iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, na katika mchezo huo bunduki ya askari ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: ya komeo, ya risasi tano, ambayo askari wenyewe waliipachika jina la Kigoe. Zinatakiwa sita. Zinachongwa Wete, Pemba, zote za mbao, mdomo umezibwa, na hakuna kipande chochote kinachoweza kubeba baruti. Shajara inaandikwa kwa anayetaka kuzichonga kwa skuli au kikundi chake. Yaliyokwenda sawa yametajwa kwa ufupi.

Majina yatakayorudiwa: mtutu ni bomba la mbele. Komeo ni kile kipande kinachosukumwa na kugeuzwa, kama komeo la mlango, kufunga nyuma ya mtutu. Tako ni mti unaoegemea bega, na shingo ni pale pembamba, nyuma ya kifyatulio, mkono unaposhika.

7 Januari. Historia kwanza, randa baadaye

Kuchonga bunduki sita zinazofanana kungekuwa kosa kabla kazi haijaanza. Bunduki iliyokaa jeshini miaka hamsini haifanani tena na ndugu yake: hii imefupishwa, ile imetiwa kiraka, nyingine imekwanguliwa nembo baada ya serikali kuanguka. Kwa hiyo kabla ya kununua ubao imeandikwa historia ya utumishi wa bunduki yenyewe, ukurasa mmoja, kwa sharti kwamba kila mstari uache alama inayoonekana kwenye mti. Mstari usioacha alama umefutwa.

Iliyobaki ni hii. Matlai inanunua bunduki Ulaya 1899, ndefu, mm 1,250, risasi za mm 7. Mwaka 1913 zinafupishwa hadi mm 1,110. Mwaka 1931 ufalme unaangushwa na nembo zinakwanguliwa. Kisha zinashushwa kwa polisi na walinzi wa misitu, na 1949 zinatoka kazini.

Vipimo havikuokotwa hewani. Mm 1,250 ni urefu wa Mauser ya Kijerumani ya 1898, na mm 1,110 ni wa ile fupi ya 1935. Tofauti ya mm 140 ni ileile iliyopo baina ya mitutu yao, 740 na 600. Ukifuata vipimo vya bunduki ya kweli, mikono ya mwigizaji hukaa mahali pake bila kuelekezwa. Ukibuni, atashika kama anayeshika mwiko.

Mgawanyo: namba 1 na 2 ndefu; 3 na 4 fupi; 5 na 6 fupi na zimekwanguliwa.

15 Januari. Historia imegoma mara tatu

Matlai ilikuwa imewekwa karibu na pwani ya Afrika Mashariki. Haikubaliki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika Afrika baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani. Kilichoachiwa biashara ya watu ni magumegume, bunduki za kale za jiwe la cheche, yasiyo na mikondo ndani ya mtutu. Kisiwa kidogo kisingeagiza bunduki za komeo kwa makasha bila mkubwa fulani kukipa ruhusa, na katika mchezo Matlai haina mkubwa. Dawa yake ni kuisogeza Matlai mbali, katikati ya Bahari ya Hindi. Hasara ni ramani ya onyesho la kwanza kuchorwa upya.

La pili: onyesho la tatu lilikuwa na askari wanaozuia manowari kwa bunduki kutoka madirisha ya kasri. Mtu wa Zanzibar hana udhuru wa kuandika hivyo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga kasri mjini Unguja, na mambo yalikwisha chini ya saa moja. Bunduki haijibu mzinga wa meli. Sasa askari wa Matlai wanazuia mashua zinazoteremsha watu ufukweni, mita mia mbili tatu, ambayo ndiyo kazi ya bunduki.

La tatu ni moshi. Kulikuwa na mpango wa kupuliza unga mweupe kila bunduki "inapolia". Risasi za mm 7 za 1899 zilitumia baruti isiyo na moshi, iliyoingia majeshini kwa bunduki ya Lebel ya Ufaransa mwaka 1886. Wingu jeupe ni la silaha za kale. Hapo Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, na moshi wake ulionyesha walipojificha. Unga umebaki kwa gumegume la mzee wa onyesho la kwanza tu. Mfagiaji wa ukumbi hakusikitika.

24 Januari. Ubao

Mfenesi. Unachongeka, hauifanyi patasi butu, na rangi yake ya manjano hukolea kuwa kahawia kadiri unavyokaa kwenye mwanga, kwa hiyo baada ya miezi michache unafanana na mti wa bunduki ya zamani. Mvule ni mzuri zaidi lakini bei haishikiki. Mbao za mnazi zimejaribiwa kwa kipande kimoja: nyuzi zinachomoka, ukingo hauwi laini.

Mbao mbili za inchi 2 kwa 8, futi 12, sh 45,000 kila moja. Ubao mmoja unatoa vipande vitatu. Hesabu imekaa sawasawa, sita kwa sita, bila akiba. Usifanye hivyo.

6 Februari. Shingo imevunjika

Namba 6 imekatika shingoni. Haikuanguka: ilikuwa inateremshwa chini kwa amri ya gwaride, tako likagusa sakafu, ikalia tap.

Sababu ni nyuzi za mti. Tako la bunduki hushuka chini kidogo kuliko mtutu. Ukilaza mchoro sambamba na ukingo wa ubao, nyuzi za mbele zinakaa vizuri, lakini shingoni zinakatiza kwa mshazari, na hapo ndipo mti ulipo mwembamba kuliko kote. Mti haubebi kwa upana wa nyuzi. Ni sawa na mpini wa jembe uliochongwa kwenye tawi lililopinda: unaonekana mzima mpaka siku ya kazi.

Namna ya sawa: chukua mchoro wa karatasi ngumu, uzungushe juu ya ubao mpaka mistari ya nyuzi ipite shingoni kwa urefu, hata kama mbele itatoka kidogo nje ya nyuzi. Mbele kuna mtutu wa kusaidia, shingoni hakuna kitu. Kwa kuzungusha hivi ubao wa inchi 8 unatoa vipande viwili na pande, si vitatu. Kwa hiyo ubao wa tatu, sh 45,000 nyingine.

Namba 2 na 4 zilikuwa zimeshachongwa kwa mchoro mbaya lakini hazijavunjika. Zimetobolewa kutoka chini ya shingo kwa keekee ya mm 10, mshazari, zikatiwa kijiti cha mvule na gundi. Zimeangushwa makusudi mara kumi kutoka urefu wa kiuno. Zimeshika.

Namba 6 iliyovunjika haikutupwa. Imeunganishwa kwa gundi na vijiti viwili, kisha shingo ikazungushiwa waya wa shaba mizunguko 22, kama askari wa misituni angefanya asipokuwa na fundi. Imeingizwa katika historia: ndiyo bunduki ya mlinzi wa misitu. Ni nzuri kuliko zote sita.

19 Februari. Komeo la kwanza

Bomba la plastiki la mm 25, urefu mm 220, limelazwa ndani ya mti nyuma ya mtutu kuwa nyumba ya komeo. Limekatwa tundu la juu mm 85, kwa sababu risasi nzima ya mm 7 ya wakati ule ilikuwa na urefu wa karibu mm 78 na lazima ionekane inaingia. Mwishoni tundu linageuka kona kwa robo ya duara, mkono wa komeo ushuke humo na kufunga.

Komeo lenyewe: mpini wa fagio uliopunguzwa kwa msasa hadi mm 20, umepakwa nta ya mshumaa. Mipini mitatu, sh 7,500. Linateleza vizuri sana. (Soma 5 Aprili kabla hujaiga.)

Mtutu ni bomba la mm 20. Rangi nyeusi imebanduka kama ngozi ya nyoka siku ya pili, kwa sababu plastiki ilipakwa ikiwa laini. Kwangua kwanza kwa msasa namba 180 mpaka mng'aro wake uishe, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha, ndipo upake, mikono miwili myembamba.

8 Machi. Uzito

Bunduki iliyokamilika ina kilo 1.9. Ya kweli ya aina hii ina karibu kilo 4. Tofauti inaonekana mpaka safu ya mwisho: mwigizaji anaigeuza bunduki kama fimbo ya mchunga mbuzi.

Jaribio la kwanza: nondo ya mm 12 yenye urefu wa mm 700 ndani ya mtutu wa namba 1. Nondo hiyo ina gramu 888 kwa mita, kwa hiyo imeongezeka gramu 620. Uzito umekuwa bora, mizani imekuwa mbaya. Mdomo unainama, na baada ya dakika mbili za gwaride mkono wa kushoto unatetemeka.

Bunduki ya kweli ukiilaza juu ya kidole hukaa sawa karibu na kasha la risasi, mbele kidogo ya kifyatulio. Hiyo ndiyo alama ya kutafuta. Nondo ya mtutu imekatwa ikabaki mm 350, ikasukumwa nyuma kabisa na kufungwa kwa matambara isigonge. Tako limetobolewa kutoka nyuma matundu mawili ya mm 18, kina mm 230, kila moja likatiwa nondo ya mm 16 yenye urefu wa mm 220 (kilo 1.58 kwa mita, mbavu zake ndizo zinazodai mm 18). Nafasi iliyobaki imejazwa vumbi la mbao na gundi. Jumla kilo 2.9. Haijafika 4, lakini watakaobeba ni wanafunzi, na mazoezi ni ya saa mbili.

Siku hiyohiyo: barua kwa sheha na nakala kituo cha polisi, pamoja na picha. Kila mdomo umezibwa kwa kizibo cha mti kilichogongwa na kutiwa gundi, kimepakwa rangi nyekundu. Bunduki hazitoki karakanani bila kufungwa kwenye turubai. Kizibo chekundu jukwaani hufunikwa kwa kofia ya mtutu ya kitambaa, kitu ambacho majeshi nayo hutumia kuzuia mchanga, kwa hiyo hakimshangazi mtu.

20 Machi. Mkono wa komeo na jina

Kosa hili halihusu patasi. Bunduki zote sita zimetiwa mkono wa komeo uliopinda chini, kwa sababu ndivyo ulivyo mchoro na ndiyo asili ya jina: mkono umepinda kama kigoe cha kuvutia matawi ya mikarafuu. Lakini kwa historia yetu wenyewe, bunduki ndefu ya 1899 ilikuwa na mkono ulionyooka, ukitokeza pembeni, kama Mauser ndefu ya 1898. Kupinda kulikuja 1913 pamoja na kufupisha, kwa sababu askari wa Matlai hupanda mashua, na mkono unaotokeza hunasa kamba za tanga.

Namba 1 na 2 zimetolewa mikono. Chuma cha mm 8 kilichopindwa hakinyooki vizuri tena kikiwa baridi, kimebaki na nundu. Vimekatwa vipya. Kwa upande mwingine, zile nne fupi zilikosa kitu: mkono uliopinda hulala juu ya mti, kwa hiyo panahitajika kidimbwi kilichochongwa ubavuni ili vidole vipate pa kuingia kuunyanyua. Bila kidimbwi hicho mwigizaji ananyofoa kwa kucha. Patasi ya mviringo, kina mm 6, dakika ishirini kila moja.

Na maandishi ya mchezo yamerekebishwa. Katika onyesho la 1899 hakuna anayesema "Kigoe". Wanasema "ya Ulaya". Jina linazaliwa onyesho la nne.

Risasi za bandia: vijiti vya mm 12, urefu mm 78, vimepakwa rangi ya dhahabu, vitano vitano kwenye kibanio cha bati. Kasha linabeba tano, basi. Mahali palipoandikwa askari anapiga nane bila kujaza pamepunguzwa.

5 Aprili. Masika

Mvua imeanza na makomeo yote sita yamekwama. Mpini wa fagio umevimba ndani ya bomba; mawili yametoka kwa nyundo. Kipimo kinaonyesha mm 20.9 palipokuwa na 20. Nta haikusaidia, kwa sababu ilipakwa ubavuni na unyevu umeingilia kwenye vichwa, ambako mti hunywa maji kuliko kwengine.

Mti usiteleze ndani ya kitu kingine chochote Pemba baina ya Machi na Mei. Komeo jipya ni bomba la mm 20, mabaki ya ule mtutu, ndani ya bomba la mm 25. Plastiki kwa plastiki, nafasi inabaki kidogo, halivimbi. Ndani limejazwa mti uliolowekwa vanishi ili skrubu ya mkono ipate pa kushika. Mbele imetiwa washa mbili za chuma zilizolegea. Komeo likifungwa zinagongana, na sauti ile, *kachak*, ndiyo iliyokuwa ikikosekana tangu Februari. Washa sita zingetosha kujaribu mapema.

Mwendo wa kufundishwa ni wa hesabu nne: juu, nyuma, mbele, chini. Katika aina ya Mauser ya 1898 bunduki hujikoki komeo linaponyanyuliwa, kwa hiyo mkono ufanye nguvu kwenye "juu". Lee-Enfield ya Waingereza hujikoki komeo linaposukumwa mbele, nguvu iko kwenye "mbele". Mwigizaji akichanganya, mtu aliyewahi kuishika atajua.

22 Aprili. Mafuta

Vanishi, sh 14,000: chini ya taa za jukwaa bunduki zinawaka kama kabati la bibi harusi. Imekwanguliwa yote, siku mbili za msasa.

Mafuta ya nazi, nusu lita, sh 4,000. Yalionekana akili: yapo, ni rahisi, yanaingia mtini. Lakini mafuta ya nazi hayakauki kabisa. Yanabaki yakinata, yanashika vumbi, na siku ya nne karakana inanuka kachiri iliyochacha. Chungu wamekuja. Mti umeoshwa kwa mafuta ya taa na kuachwa wiki.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, lita moja kutoka soko la Darajani, mjini Unguja, sh 25,000, na 3,000 ya mzigo kwa boti hadi Mkoani. Haya hukauka kwa kushika hewa. Paka kwa kitambaa, subiri dakika kumi na tano, futa yote, kausha siku nzima, rudia. Mikono mitatu. Vitambaa usivikunje na kuvitupa pembeni: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na fundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje au vitumbukize majini.

Mikono mitatu ina faida ya pili. Kiini cha mfenesi kina rangi ya manjano inayotoka kwa jasho. Shati jeupe la ofisa lilipata doa begani wakati mti ulikuwa mkavu. Baada ya mafuta halijapata tena.

Kwa namba 5 na 6 tu: chai kavu iliyokolezwa, paka, ikikauka paka siki iliyolazwa stilwaya siku tatu. Mti unageuka kijivu cheusi dakika hiyohiyo. Paka pembezoni na kwenye makovu. Shingoni na pale mkono wa kushoto unaposhika acha, kwa sababu mkono wa askari husugua.

4 Mei. Nembo na namba

Nembo ya Matlai, kombe na nyota, imepigwa kwa chuma cha moto ubavuni mwa tako. Chuma chekundu kimetoboa kina na kuacha jivu pembeni. Subiri wekundu uzime, kisha hesabu mbili tu. Kwenye 5 na 6 nembo imekwanguliwa kwa tupa mpaka ikabaki kivuli, kama ua la mfalme lilivyokwanguliwa kwenye bunduki nyingi za Wajapani vita vilipokwisha 1945. Ukwanguaji uwe wa haraka na mbaya. Wa kwanza ulifanywa kwa uangalifu mno, ukaonekana ni pambo.

Namba za 1 hadi 6 zilizokuwa zimeandikwa zimefutwa. Jeshi lenye maelfu ya bunduki halipeleki sita za kwanza mahali pamoja. Zimepewa namba zisizozidi tarakimu nne, nyingine na herufi, kwa utaratibu wa viwanda vya Ujerumani, ambavyo vilifika elfu kumi vikarudi mwanzo na kuongeza herufi: 4417, 9062, 812b na kadhalika.

17 Mei. Singe

Bunduki ilipofupishwa, singe, yaani kisu kinachochomekwa mbele ya mtutu, ilirefushwa. Ndivyo walivyofanya Waingereza: Lee-Enfield fupi ilipewa singe ya 1907 yenye bapa la karibu mm 430. Za mbao zimevunjika mazoezi ya kwanza, moja ikamkwaruza mwigizaji kifuani. Sasa ni za mpira wa ubavu wa tairi kuukuu, zimekatwa kwa kisu chenye maji ya sabuni. Rangi ya fedha peke yake inapasuka mpira ukipinda. Ikichanganywa nusu kwa nusu na gundi ya viatu inapinda nao.

30 Mei. Hesabu

Mbao 135,000. Mabomba 15,000. Mipini ya fagio 7,500. Nondo za chakavu 12,000. Msasa 24,000. Gundi ya mbao 9,000. Vanishi 14,000. Mafuta ya nazi 4,000. Ya kitani na usafiri 28,000. Rangi 27,000. Turubai ya mikanda 18,000. Skrubu, washa na vyuma vya mkono 11,000. Jumla sh 304,500, yaani 50,750 kwa bunduki. Tairi na waya wa shaba ni bure. Zilizopotea kwa makosa ni 70,500: ubao wa tatu, mipini, vanishi na nazi.

Zilizobaki: namba 3 ina ufa mwembamba kwenye kona ya tundu la komeo, bomba limekatwa kona kali. Likatwe jingine, kona itobolewe kwanza kwa keekee ya mm 6 ndipo msumeno ufike. Mkanda wa namba 1 umefupika baada ya kulowa.